Shajara ya mradi: nyuso sita za saa kutoka jiwe la Longido

Lengo ni nyuso sita za saa ya mkono, zote za rubi ndani ya zoisaiti (madini ya kijani), zitakazofungwa juu ya mtambo wa Sellita SW200-1 (kipenyo mm 25.6, unene mm 4.6, mapigo 28,800 kwa saa). Jiwe ni lile la kijani lenye madoa mekundu na meusi linalochimbwa Mundarara, wilayani Longido. Sokoni huitwa anyolaiti, jina lililotokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Pembeni kuna visahani viwili vya malakiti ya Kolwezi, Kongo, kwa ajili ya kulinganisha tu.

Mezani: msumeno wa diski ya almasi (diski ya mm 150, unene wake mm 0.4), kerezo dogo la fundi saa, keekee ya wima, sahani za kusagia za almasi zenye chembe za maikroni 45, 15 na 9 (maikroni ni sehemu ya elfu ya mm), sahani ya shaba nyekundu kwa maikroni 3, sahani ya bati kwa maikroni 1, maikromita na geji ya mshale.

Siku ya 1. Jiwe

Pande la gramu 640 limeoshwa na kupakwa spiriti kwa pamba, kisha likaangaliwa likikauka. Jiwe zima hukauka kwa sekunde chache. Penye ufa spiriti hujificha, ukabaki mstari uliolowa unaochelewa. Tochi ya nyuma, inayofaa sana kwa akiki, hapa haifai kitu kwa sababu jiwe halipitishi mwanga. Nyufa zote zimechorwa kwa ncha ya waya wa alumini. Wino wa kalamu usitumike: jiwe huunywa, kisha huutoa tena usoni wakati wa kung'arisha.

Shida kubwa ya jiwe hili ni kwamba ni mawe matatu katika bamba moja. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs rubi ni 9, zoisaiti iko kati ya 6 na 7, na madoa meusi ya hornblendi ni kati ya 5 na 6. Tarakimu hizo zinadanganya kidogo, maana ngazi za Mohs hazilingani: kutoka zoisaiti kufika rubi ugumu hupanda mara kadhaa. Sahani laini ikipita juu yake hula cheusi kwanza, kisha kijani, na rubi hubaki imesimama kama kisiwa. Viwanda vinalijua hili. Rolex ilipotoa Day-Date 36 za nyuso za mawe mwaka 2023 ilitumia akiki nyekundu, feruzi na aventurini ya kijani, mawe ambayo ugumu wake haubadiliki sana kutoka ukingo hadi ukingo.

Siku ya 2. Hesabu ya kimo

Hesabu imefanywa kabla ya kukata chochote, kwa kuwa ndiyo inayoamua unene wa jiwe. Uso wa kawaida wa shaba ya njano una mm 0.40. Huu wetu:

shaba ya nyuma mm 0.30, gundi mm 0.04, jiwe mm 0.45. Jumla mm 0.79.

Ziada ni mm 0.39, na lazima ipatiwe nafasi sehemu tatu.

Kwanza, akrabu. Mtambo huu huuzwa ukiwa na vimo tofauti vya kushikia akrabu. Bomba la akrabu ya saa, bomba la dakika na kijiti cha sekunde vibadilishwe pamoja kama seti ya kimo kimoja. Ukibadilisha bomba la dakika peke yake, akrabu ya saa itabaki chini ikikwaruza jiwe, na ile ya sekunde haitafika juu ya dakika.

Pili, kasha. Wazo la haraka ni kuushusha mtambo mm 0.39 ndani ya kasha. Haiwezekani. Kijiti cha ufunguo (kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa) kinapita kwenye tundu la ubavuni mwa kasha, na mtambo ukishuka kijiti hakinyooki tena na tundu lake. Kitazunguka kwa kukwaruza na mpira wa kuzuia maji utakwisha upande mmoja. Kwa hiyo mtambo unabaki ulipo, na ukingo wa ndani wa kasha, ule unaoufunika uso pembeni, ndio utakaokerezwa mm 0.50 kutoka upande wa chini: mm 0.39 za jiwe na mm 0.11 za hewa.

Tatu, kioo. Akrabu zimepanda, hivyo kioo bapa cha zamani kimeachwa na kuagizwa chenye tumbo.

Ni hesabu hii hii iliyowafanya Piaget, watengenezaji saa wa Uswisi, watangulie. Mtambo wao 9P wa mwaka 1957 ulikuwa na unene wa mm 2 tu, na mwaka 1963 wakaanza kuweka nyuso za mawe bila saa kuonekana kama kopo. Sisi tuna mtambo wa mm 4.6; saa itakuwa nene, tusijidanganye.

Dirisha la tarehe halitakatwa. Kona ya mraba ndani ya jiwe jembamba ni mwanzo wa ufa. Sahani ya tarehe inabaki imefichwa chini, na ufunguo utakuwa na nafasi moja ya katikati isiyofanya kazi inayoonekana.

Siku ya 3. Kukata

Bamba tatu za mm 2.0, na kutoka humo visahani tisa vya mm 30. Vimepewa namba 1 hadi 9. Kipozeo ni maji na tone la sabuni ya vyombo. Mafuta ya msumeno hukata vizuri zaidi na diski hudumu, lakini huingia kwenye nyufa ndogo kando ya hornblendi, na wiki moja baadaye gundi inakataa kushika.

Msumeno ulisukumwa polepole sana penye rubi. Ukilazimisha, diski hupinda kufuata upande laini na bamba hutoka lenye mgongo. Bamba la pili lilitoka na tofauti ya mm 0.3 kati ya ncha na ncha kwa sababu hiyo hasa.

Vumbi: hakuna kukata kukavu. Barakoa yenye kichujio inavaliwa hata maji yakiwepo.

Siku ya 4 na 5. Migongo na matundu

Mgongo wa kila kisahani umesagwa bapa kwa maikroni 45, kisha 15. Haung'arishwi, gundi inahitaji mikwaruzo. Unene umefika mm 1.2 hadi 1.3.

Tundu la katikati ni mm 2.0 na linatobolewa sasa, jiwe likiwa nene, kutokea mgongoni kuelekea usoni. Keekee ya mrija wa almasi inapotoka upande wa pili humegua ukingo wa tundu, wakati mwingine mmego wa mm 0.3. Ukitoboa kwa mwelekeo huu mmego unabaki upande wa uso, ambao bado utapoteza zaidi ya mm 0.7 kwa kusagwa, na mmego unaondoka pamoja nao. Wanaosaga kwanza hadi mm 0.45 ndipo watoboe hujikuta na tundu lenye meno yasiyofichika, kwa sababu akrabu hazifuniki ukingo wa tundu kiasi hicho.

Utaratibu: kisahani kimebandikwa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, duara la udongo wa kuchezea likajengwa kuzunguka sehemu ya kutoboa na kujazwa maji. Mizunguko 6,000 kwa dakika. Keekee inainuliwa kila sekunde mbili tatu ili maji yaingie na tope litoke. Ndani ya zoisaiti kazi ni dakika 4. Namba 8, ambayo tundu lake limeangukia katikati ya rubi, ilichukua dakika 11 na mrija mmoja.

Tundu lisipangwe kwenye mpaka wa rubi na zoisaiti. Namba 3 ilipangwa hapo kwa ajili ya sura nzuri, doa jekundu likiwa kama jua nusu. Mrija ulivutwa upande laini, tundu likawa la yai, na ufa ukatoka hapo hadi ukingoni. Imetupwa.

Baada ya matundu, ukingo wa nje umesagwa kwenye kerezo, kisahani kikiwa kimeshikwa kwa pini ya tundu lake ili duara na tundu viwe na kitovu kimoja. Kipenyo cha mwisho cha jiwe ni mm 28.3. Shaba ya nyuma itakuwa mm 28.5. Tofauti hiyo ya mm 0.1 kila upande ni ya makusudi: shaba ndiyo iguse ukuta wa kasha, jiwe lisiguse kamwe.

Siku ya 6. Shaba ya nyuma

Visahani vya shaba ya njano mm 0.30, tundu mm 2.2. Miguu miwili ya waya wa shaba nyekundu imelehemiwa leo, kabla jiwe halijakaribia. Kipenyo cha waya kilipimwa kwenye matundu ya mtambo wenyewe, na nafasi za miguu zilitiwa alama kwa kuilaza shaba juu ya mtambo usio na akrabu. Lehemu iliyofurika mbele imesuguliwa hadi bapa. Ukitaka kurekebisha mguu baada ya jiwe kubandikwa, moto wa lehemu utaua gundi au jiwe, kwa kawaida vyote viwili.

Siku ya 7 na 8. Gundi

Epoksi nyepesi ya kuganda kwa saa 24, sehemu mbili zilizopimwa kwa mizani na si kwa macho. Shaba na mgongo wa jiwe vimesuguliwa kwa msasa namba 400 na kufutwa kwa spiriti. Ili matundu mawili yalingane ilikerezwa pini ya ngazi, mm 2.2 chini na mm 2.0 juu, ikapakwa nta ili isigande humo. Uzito wa gramu 500 juu ya kila kimoja, kwenye kioo bapa.

Gundi ilitiwa tone moja katikati na kuachwa isambae yenyewe. Ukipaka kwa kijiti unafungia mapovu. Povu likiwa chini ya jiwe la mm 0.45 ni shimo linalosubiri kidole.

Nyufa za nywele kwenye namba 2 na 9, kando ya fuwele za rubi, zimejazwa epoksi hiyo hiyo ndani ya chombo cha kuvuta hewa kwa dakika 30. Hili litaandikwa kwenye karatasi za saa hizo mbili. Jiwe ni la asili, lakini limejazwa, na mnunuzi ana haki ya kujua.

Namba 5 imepasuka. Iliwekwa chini ya taa ya joto, nyuzi 60 hivi, ili gundi igande jioni hiyo hiyo. Shaba ya njano hutanuka karibu mara mbili ya jiwe. Gundi iliganda shaba ikiwa imetanuka. Usiku ilipopoa ikasinyaa na kuvuta jiwe. Kwa kipenyo hiki tofauti ni kama mm 0.01 tu, nayo ilitosha. Zilizobaki zimeachwa kwenye joto la chumba kwa saa 48.

Siku ya 10 hadi 13. Kusaga na kung'arisha uso

Hapa ndipo muda ulipokwenda.

Kishikio ni kipande cha alumini chenye matundu mawili ya kumezea miguu, na uso wa shaba umeshikwa kwa utepe mwembamba wa gundi pande mbili. Nta ya kawaida ya mafundi wa vito haitumiki tena, kwa kuwa joto la kuiyeyusha linaifikia epoksi. Utepe una kasoro yake: hubonyea upande unaobanwa zaidi. Namba 6 ilitoka na mm 0.03 za tofauti kati ya saa 3 na saa 9. Dawa iliyofaa ni kugeuza kishikio robo duara kila nusu dakika na kupima unene sehemu nne kila dakika tano.

Kanuni ya hatua: kila sahani iondoe mikwaruzo yote iliyoachwa na sahani iliyotangulia, la sivyo mikwaruzo ya chini inabaki na kujitokeza mwishoni kabisa, wakati huna tena unene wa kurudi nyuma. Maikroni 45 hadi mm 0.65, maikroni 15 hadi mm 0.50, maikroni 9 hadi mm 0.46, kisha 3 na 1 kwa mm 0.01 iliyobaki. Kati ya hatua na hatua kila kitu kinaoshwa kwa burashi, kishikio pia. Chembe moja ya maikroni 45 kwenye sahani ya 3 inarudisha kazi ya siku.

Msasa wa silikoni kabaidi haujatumika usoni hata mara moja. Kwa zoisaiti peke yake ungetosha. Kwa rubi unateleza tu huku ukichimba pande zote zinazoizunguka.

Namba 1 ilipelekwa kwenye kitambaa cha sufu na almasi ya maikroni 1 kama inavyofanywa kwa akiki. Dakika sita zilitosha kuharibu: rubi imesimama juu ya kijani kiasi cha kukwama kucha. Kipimo kizuri kuliko kucha ni taa ya mrija ya darini. Uakisi wake juu ya jiwe uwe mstari mnyoofu. Ukivunjika au kupinda penye rubi, uso si bapa. Namba 1 imerudishwa hadi sahani ya maikroni 15 na imeishia mm 0.41. Inatosha, ila kwa shida.

Namba 7: fuwele ya rubi ya mm 3 imeng'oka kwenye sahani ya maikroni 9 na kukwaruza kila kitu ilipopita. Ilikuwa na ufa kuzunguka mpaka wake wote, na mtihani wa spiriti wa siku ya kwanza haukuuonyesha kwa sababu ulikuwa haujafika juu. Tangu hapo mtihani unarudiwa kila unene unapopungua mm 0.2.

Kilichofanya kazi: sahani ngumu mwanzo hadi mwisho, shinikizo dogo, mzunguko wa polepole, bati kwa hatua ya mwisho na dakika tatu zisizidi. Hornblendi haing'ai sawa na zoisaiti hata ufanyeje. Hubaki na ukungu kidogo, na kwa macho yetu ndiyo inayolipa jiwe kina. Saa tano hadi sita kwa kila uso.

Siku ya 14. Malakiti

Dakika 40 kwa kila kisahani, tundu na yote. Ugumu wake ni 3.5 hadi 4, hivyo unene umeachwa mm 0.60, maana huvunjika kwa kufuata mistari yake. Kung'arisha ni kwa unga wa alumina juu ya ngozi iliyolowa. Siki na asidi yoyote vikae mbali, na haioshwi kwenye mashine ya mawimbi ya sauti. Malakiti ni kaboneti ya shaba nyekundu, na vumbi lake ni sumu. Tope limeachwa litulie ndooni, maji ya juu yakamwagwa, masimbi yakafungwa kwenye mfuko. Yasiende bustanini.

Siku ya 16. Alama

Namba za kupandikiza zimekataliwa: kila moja inataka matundu ya miguu, na matundu 24 madogo katika mm 0.45 ni nyufa 24 zinazosubiri. Badala yake, nukta 12 za wino mweupe kwa mhuri wa silikoni. Wino wa kuokwa haufai, sababu ni ile ile ya namba 5. Umetumika wa sehemu mbili unaokauka wenyewe kwa siku mbili. Nukta ya saa 4 kwenye namba 2 ilibanduka kwa sababu ya alama ya kidole. Imefutwa kwa spiriti na kupigwa upya.

Siku ya 17. Jaribio la joto

Namba 7, kwa kuwa imeshaharibika, imetumika: friji saa moja, jua la mchana saa moja, mara kumi. Hakuna ufa mpya, na gundi imeshika hadi ukingoni. Uso umepinda mm 0.02, ambazo hazionekani.

Siku ya 18 hadi 20. Kufunga

Uso mmoja una uzito wa gramu 2.6 hivi, wa shaba tupu wa mm 0.40 ungekuwa gramu 2.2. Wengi hudhani jiwe litaulemea mtambo. Haliulemei.

Mguu usioingia sawasawa kwenye uso wa shaba hupindishwa kwa kibano na mambo yanakwisha. Hapa usipinde. Nguvu ya kibano inapita kwenye shaba ya mm 0.30 na kulifikia jiwe. Miguu ya namba 4 ilikuwa nje kwa mm 0.1, imepunguzwa kwa tupa nyembamba upande mmoja hadi ikashuka yenyewe. Vishikio vya pembeni vya mtambo vikazwe nusu nusu kwa zamu.

Nafasi: uso hadi akrabu ya saa mm 0.30, saa hadi dakika mm 0.25, dakika hadi sekunde mm 0.25. Akrabu za kushindilia (matundu yake mm 1.50, 0.90 na 0.25) zimesukumwa huku mtambo ukiwa umeegemezwa chini katikati, uso ukiwa huru.

Akrabu za fedha zilizong'arishwa zimebadilishwa. Juu ya jiwe lenye madoa zinaakisi kijani na kupotea. Kwa umbali wa mkono hujui ni saa ngapi. Zimewekwa nyeupe zisizong'aa.

Kuna kichekesho kidogo ukiiangalia saa hii pande zote mbili: mtambo una rubi 26, zote za kutengenezwa, jamaa za zile ambazo mkemia Mfaransa Verneuil alitangaza njia ya kuzitengeneza mwaka 1902, huku rubi ya kutoka ardhini imekaa usoni na haifanyi kazi yoyote.

Siku ya 22

Namba 1, 2, 4, 6 na 9 zimefungwa na zinatembea. Namba 1 imepewa utepe wa plastiki wa mm 0.05 chini ya shaba ili kufidia wembamba wake, na kimo cha akrabu kimepimwa upya. Namba 8 inasubiri: kioo chake kimefika na tumbo dogo kuliko lililoagizwa, na akrabu ya sekunde inagusa inapopita saa 7.